Gunia la Mkulima Mdogo: Haki za Mnunuzi na Muuzaji Tangu Dukani hadi Mnadani

Vijitabu vya elimu kwa mlaji kwa kawaida humzungumzia mtu anayeingia dukani kununua mkate, simu au mafuta ya kupikia. Somo hili linamhusu mlaji wa aina nyingine, ambaye mara nyingi hahesabiwi kuwa mlaji hata kidogo: mkulima mwenye ekari mbili au tatu, anayelima kwa mikono ya watu wa nyumbani mwake. Yeye hununua mbegu, mbolea, dawa, magunia na mkopo, kisha huuza mazao kwa mizani isiyo yake. Kila mahali pesa inapobadilisha mkono, ama hupata haki yake ama huipoteza. Tunaamini kwamba sehemu kubwa ya umaskini wa vijijini huingilia hapo, na si shambani peke yake.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 31.3 ya wakazi wa vijijini Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mijini kiwango hicho kilikuwa asilimia 15.8. Tofauti hiyo huelezwa mara nyingi kwa maneno mawili, mvua na uvivu. Mvua tunaikubali. Uvivu tunaukataa, kwa kuwa mtu anayeamka alfajiri kupalilia na bado akabaki na njaa ifikapo Januari hakukosa juhudi. Katika somo hili tutalifuata gunia lake moja la mahindi, tangu mbegu iliyolizaa hadi mizani iliyolipima, tukionyesha mahali linapopungua na jinsi ya kulilinda.

Mbegu

Mbegu ni bidhaa ambayo ubora wake hauonekani siku ya kununua. Unga mbovu utaujua jioni hiyo hiyo kwa harufu. Mbegu mbovu utaijua wiki mbili baada ya mvua, na kufikia hapo msimu umekwisha kukutoka mkononi. Ndiyo maana Sheria ya Mbegu Na. 18 ya mwaka 2003 ilianzisha taasisi ya kuzithibitisha, nayo ni Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, yenye makao yake Morogoro. Pakiti halali huwa na lebo ya taasisi hiyo, yenye sehemu ya kukwangua ambayo chini yake mna namba ya kuhakiki kwa simu ya mkononi. Ikwangue ukiwa bado dukani, mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Tunashauri jambo jingine ambalo halihitaji simu wala taasisi yoyote. Nunua mbegu mapema, angalau wiki tatu kabla ya mvua za kupandia, uzipime mwenyewe. Hesabu mbegu 100 za mahindi, zipange juu ya kitambaa safi kilicholowa maji, zifunike kwa kitambaa kingine, uhakikishe havikauki kwa siku saba. Kisha hesabu zilizochipua. Zikiwa 90 au zaidi, una mbegu nzuri. Zikiwa 65, tafakari hesabu hii: ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, hubeba mashina karibu 18,000. Theluthi yake isipoota, mashina 6,000 hayapo, lakini kulima umelima ekari nzima, mbolea umetia ekari nzima, na palizi utaifanya ekari nzima. Aliyenunua siku mvua ilipoanza kunyesha hana nafasi ya kupima wala ya kurudisha, na wauzaji wasio waaminifu wanalijua jambo hilo vizuri kuliko sisi.

Swali ambalo mkulima hana budi kuuliza kabla ya kulipa ni kama mbegu hiyo ni chotara au la. Mbegu chotara huzaa sana mwaka wa kwanza, lakini punje zake zikihifadhiwa na kupandwa tena, mavuno hushuka na mimea huwa haifanani, kwa hiyo mwenye kuichagua amejifunga kununua kila msimu. Zipo pia mbegu bora zisizo chotara, kama Staha, TMV-1 na Situka, ambazo mkulima anaweza kuzichagulia masuke mazuri katikati ya shamba lake na kuzipanda tena kwa misimu miwili au mitatu bila hasara kubwa. Hatumwambii mtu achague ipi. Mwenye mvua za uhakika na pesa ya mbolea atafaidika na chotara. Mwenye pesa kidogo, katika eneo la mvua za kubahatisha, huenda asifaidike. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo ni wa mnunuzi, na muuzaji anayeificha tofauti hiyo amemnyima mnunuzi taarifa iliyo haki yake.

Ziko vilevile mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima wadogo wenyewe chini ya ukaguzi. Kwa maharage, mtama, karanga na mbaazi hizo mara nyingi ndizo zilizo karibu na zenye bei nafuu.

Mbolea: soma namba, si rangi ya mfuko

Juu ya kila mfuko wa mbolea ya viwandani huandikwa namba zinazoeleza kilichomo, nazo ndizo unazozilipia. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kwa hiyo katika mfuko wa kilo 50 mna kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa CAN wenye asilimia 26 una kilo 13. Mfuko wa SA wenye asilimia 21 una kilo kumi na nusu. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfati, nayo hutiwa wakati wa kupanda, kwa kuwa mzizi mchanga huhitaji fosfati. Sasa chukua bei ya mfuko, igawe kwa kilo za kirutubisho kilichomo, ndipo ulinganishe. Mifuko miwili yenye bei moja, mmoja wa urea na mwingine wa CAN, haina thamani moja, kwani naitrojeni ya mfuko wa pili imekugharimu karibu mara mbili. Hata hivyo CAN haichachushi udongo kwa haraka kama urea, na urea ikimwagwa juu ya ardhi bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani. Mwenye kununua urea, basi, amenunua pia kazi ya kuifukia.

Malalamiko juu ya mbolea bandia ni mengi, na baadhi yana msingi, hasa kwa mbolea iliyofunguliwa na kuuzwa kwa kilo. Lakini katika jambo hili ni vizuri kuwa waadilifu. Watafiti waliochukua sampuli za urea katika maduka ya mkoa wa Morogoro walikuta kwamba karibu zote zilikuwa na naitrojeni inayostahili, ingawa nyingi zilikuwa zimeganda mabonge na kubadilika sura kwa kuhifadhiwa vibaya. Wakulima waliziona mbovu kwa kuzitazama. Hofu ya namna hiyo nayo ina gharama, kwa kuwa humfanya mtu aache kununua kitu ambacho kingemfaa. Bonge la mbolea ni sababu ya kuomba punguzo la bei. Si ushahidi wa udanganyifu. Ushahidi ni mfuko ulioshonwa upya, uzito pungufu, au mfuko usio na maelezo ya mtengenezaji na ya muuzaji. Mambo hayo yanaihusu Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku, mpango ulioanza msimu wa 2022/23, ajiandikishe kijijini kwake na ahakikishe ukubwa wa shamba ulioandikwa ni wa kweli, kwani mgawo hutegemea takwimu hizo.

Kuna pia mbolea isiyouzwa popote. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanalima kwenye miteremko mikali kwa ngoro: majani yaliyokatwa hupangwa kwa mistari inayokatana, hufunikwa kwa udongo, na katikati hubaki vishimo vinavyoshika maji ya mvua. Majani huoza chini, udongo haukimbii, maharage na mahindi hufuatana kwenye matuta yale yale. Uchaggani, kihamba hubeba migomba, kahawa, viazi vikuu na miti pamoja, na samadi ya ng'ombe wa zizini hurudi mashinani. Ng'ambo ya mpaka, Machakos ya miaka ya 1930 ilihesabiwa kuwa nchi iliyokwisha kuliwa na mmomonyoko. Kufikia mwaka 1990 idadi ya watu wake ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda, kwa sababu ya matuta ya fanya juu, samadi, kahawa na matunda, na soko la Nairobi lililokuwa karibu. Tunaitaja mifano hii katika kijitabu cha mlaji kwa sababu iliyo wazi: mkulima ambaye udongo wake una uhai hununua mifuko michache, na mnunuzi asiye na shida kubwa ni vigumu kupunjwa. Kwa wengi hatua ya kwanza ni rahisi kuliko ngoro, nayo ni kupanda mbaazi au kunde kati ya mahindi na kutochoma mabaki shambani.

Kuhusu viuatilifu tutasema machache tu. Tazama mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Soma siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na chombo kilichokwisha usikigeuze cha kuwekea mafuta ya kula, hata kama kimeoshwa mara kumi.

Ghalani

Hapa ndipo mkulima wengi wetu tunayemfahamu hupoteza kilicho chake bila mtu yeyote kumwibia. Anavuna Juni au Julai, anauza mwezi huo huo ambapo kila jirani anauza na bei iko chini kabisa, kisha Januari ananunua mahindi kwa bei ya juu ili watoto wale. Ukimuuliza kwa nini hakuhifadhi, atakutajia dumuzi. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kati na kuingia Tanzania miaka ya 1970 ikielekea mwisho, na tangu hapo anageuza punje kuwa unga ndani ya kihenge. Hofu yake ni ya haki.

Dawa yake haihitaji kuwa sumu. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ndani ya gunia la kawaida ina mifuko miwili ya plastiki nzito, huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa: wenyewe huimaliza iliyomo, kisha hufa. Kila mfuko wa plastiki hufungwa peke yake, kwa nguvu, na gunia huwekwa mbali na ukuta wenye ncha na mbali na panya. Mfuko usiotoboka hutumika misimu kadhaa. Kabla ya kununua ujaze hewa, uukunje mdomo na uubinye. Ukisinyaa polepole, umetoboka. Kosa linalofanyika nyumbani ni kufungua mifuko yote kila wiki kuchota kidogo kidogo. Tenga mmoja wa kula, mingine isiguswe.

Lakini mfuko huo haumfai mwenye mahindi mabichi. Nafaka yenye unyevu ikifungiwa huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuzaa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, nyingi ya vifo hivyo vikiwa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo. Kijijini hakuna kipimo cha unyevu kwa kila nyumba, lakini kuna chumvi. Tia kikombe cha mahindi katika chupa ya kioo iliyokauka, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa, uiache kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au karibu yake, yarudishe juani. Isiponata, yape siku moja au mbili zaidi za jua, kwa kuwa jaribio hili halifiki hadi kiwango kinachotakiwa. Na anikeni juu ya turubai. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo huokota ukungu hapo hapo.

Lumbesa

Gunia limefika sokoni. Mnunuzi anakuja na magunia yake, makubwa, na juu ya mdomo wa kila gunia anashona kilemba cha ziada. Bei inatajwa kwa gunia, si kwa kilo. Hiyo ndiyo lumbesa, nayo ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake, ambazo haziruhusu kifungashio cha mazao ya shamba kuzidi kilo 100.

Tuchukue mfano. Mkulima ana magunia 20 yaliyojazwa hadi kilo 120 kila moja, naye amelipwa kwa bei ya magunia 20 ya kilo 100. Ametoa kilo 400 bure: magunia manne kamili. Kama familia yake hula gunia moja kwa miezi miwili, amempa mnunuzi chakula cha miezi minane. Hakuna mwizi wa usiku anayeondoka na kiasi hicho.

Wapo wanaoitetea lumbesa kwa kusema kwamba muuzaji na mnunuzi wamekubaliana. Utetezi huo hatuukubali. Lumbesa imeendelea kuwapo kwa sababu nauli ya lori, ushuru na malipo ya wapakiaji huhesabiwa kwa gunia, hivyo kila anayepunguza idadi ya magunia hupunguza gharama zake na kuziweka mgongoni mwa mkulima, na halmashauri nayo hukosa ushuru. Wala mlaji wa mjini asidhani kwamba faida hiyo inamfikia. Gunia likifika soko la mjini hugawanywa kwa debe na sado, vyombo vya ujazo visivyosema lolote kuhusu uzito, na sado iliyobonyezwa kitako humpunja yeye kama lumbesa ilivyompunja aliyelima. Ndugu mlaji wa mjini, dai upimiwe kwa kilo.

Mizani yenyewe iwe na stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Kabla ya kupakia chochote, mshale au namba isome sifuri. Njia moja nzuri ya kujilinda ni kwenda na kitu ambacho uzito wake unajulikana, kama mfuko wa kiwandani wa kilo 25 ambao haujafunguliwa, na kuomba upimwe kwanza. Mizani ikisema kilo 22, huna haja ya kugombana. Ondoka na mazao yako.

Kuuza kabla ya kuvuna

Kuna mauzo yasiyo na mizani kabisa. Kagera huitwa butura, kahawa ikiuzwa ingali mtini. Mtwara na Lindi ni kangomba, korosho ikinunuliwa kwa kipimo na bei ya mwenye pesa. Kwingine yana majina mengine. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa huchukua, tuseme, shilingi 30,000 mwezi Januari kwa gunia atakalolitoa Julai, na Julai gunia hilo lina thamani ya shilingi 60,000. Haitwi mkopo, lakini ni mkopo, na riba yake ni asilimia 100 kwa miezi sita. Kikundi cha kuweka na kukopa au SACCOS, hata yenye masharti magumu, haifiki huko. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni na kumweleza mkopaji gharama zote kabla hajatia saini. Asiyetaka kuandika riba kwenye karatasi usichukue pesa yake.

Njia nyingine ni stakabadhi ghalani, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08, kisha ikapanuliwa kwa mazao mengine kama ufuta na mbaazi. Mkulima hupeleka mazao katika chama chake cha msingi, yanapimwa, yanawekwa ghalani, naye hupewa stakabadhi. Wanunuzi hushindana kwa mnada. Mfumo huu una faida ya kweli, maana bei hutajwa hadharani. Una pia udhaifu wake: malipo huchelewa, na makato ya chama, ghala na usafiri humshangaza asiyeyasikia mapema. Kabla ya msimu, nenda kwenye mkutano wa chama chako, uliza kila kato na kiasi chake kwa kilo, uandike. Siku ya kupima, hakikisha jina lako, uzito, daraja la ubora na tarehe vimeandikwa kwenye stakabadhi kabla hujaondoka ghalani.

Ukitaka kulalamika

Lalamiko la mbegu liende TOSCI, la mbolea TFRA, la kiuatilifu Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, la mizani na lumbesa Wakala wa Vipimo. Kama hujui pa kuanzia, anza kwa afisa ugani wa kata yako na umwombe aandike. Nenda na stakabadhi ya malipo, pakiti au mfuko wenye lebo, na kiasi kidogo cha bidhaa yenyewe kilichobaki. Kwa sababu hiyo usimimine mbegu yote shimoni, bali bakiza kiganja kimoja ndani ya pakiti yake hadi mimea iote. Mbegu zikishindwa kuota, usifukue na kupanda upya shamba zima kabla mkaguzi hajafika. Panda upya ili usipitwe na mvua, lakini acha mistari mitano au sita kama ilivyo, pande mbili tofauti za shamba, uitie alama ya vijiti.